Waridi Lipimwe kwa Pua na kwa Miaka

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamezoea kulipima ua kwa pua kabla ya kulipima kwa jicho. Asumini ni kiua kidogo cheupe ambacho kwa mbali hakimshughulishi mtu, lakini hutungwa, huvaliwa na kutandazwa kitandani kwa bibi harusi kwa ajili ya harufu yake. Kilua na mlangilangi ni vivyo hivyo. Kikuba cha rehani, asumini na waridi hupachikwa kifuani au nyweleni, na aliyekivaa hutambulika anapopita hata gizani. Marashi ya mawaridi hunyunyizwa kwa mrashi juu ya wageni wa harusi na wa maulidi. Kwa kipimo hicho, ua lisilonukia ni ua lililopungukiwa. Na bado waridi linalojulikana zaidi mijini mwetu leo ni lile la dukani: shina refu lililonyooka, tumba lenye ncha, rangi nzito isiyo na doa, na harufu hafifu au hakuna kabisa. Tumelipokea bila kuliuliza swali ambalo babu zetu wangeliuliza kwanza. Ninachodai katika sura hii ni kwamba waridi lapaswa kupimwa kwa harufu ya ua na kwa umri wa mti unaolizaa, na kwamba likipimwa hivyo, mawaridi ya kale yanastahili nafasi katika nyua zetu, mradi tuchague koo zinazokubaliana na hewa yetu.

Kwanza tuelewane ni mawaridi yapi tunayoyaita ya kale. Mstari wa mpaka umewekwa mwaka 1867, pale Jean-Baptiste Guillot wa mji wa Lyon, Ufaransa, alipotoa waridi aliloliita ‘La France’, linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza katika ukoo wa Chotara wa Chai. Karibu karne nzima baadaye, mwaka 1966, Chama cha Waridi cha Marekani kiliamua kwamba waridi la kale ni la ukoo wowote uliokuwapo kabla ya 1867. Kinachotazamwa hapo ni ukoo, wala si siku ya kuzaliwa kwa aina yenyewe. Waridi la Chai lililotolewa mwaka 1901 bado linaitwa la kale. Ndani ya mpaka huo mna makundi mawili makubwa. Kuna koo za Ulaya na Asia ya Magharibi: Gallica, Dameski, Alba na Centifolia, ambazo kwa kawaida huchanua mara moja tu kwa mwaka. Halafu kuna koo za China na za Chai, zilizotoka bustani za Asia ya Mashariki, ambazo huchanua tena na tena. Makundi haya mawili yalipokutana, zilizaliwa koo mpya kama Noisette na Bourbon. Anayesema “mawaridi ya kale” kana kwamba ni kitu kimoja hukosea tangu mwanzo, na tutaona kwamba kosa hilo ndilo huwavunja moyo watu wengi wanaojaribu kuyapanda katika nchi za joto.

Baada ya 1867 macho ya wazalishaji wa aina mpya yaligeukia tumba. Mawaridi ya kale mengi huwa mazuri yanapokuwa yamefunguka kabisa, petali zimejaa na kujikunja katikati. Yale mapya yalisifiwa yanapokuwa nusu wazi, yamesimama juu ya shina gumu. Biashara ya maua ya kukatwa ilipokua, masharti yaliongezeka: ua livumilie safari ya ndege, likae chumba cha baridi, lidumu siku nyingi ndani ya maji, na shina moja lifanane na jingine ndani ya sanduku. Masharti haya yote hupimika kwa rula, kwa mizani na kwa kalenda. Harufu haimo, kwa sababu mnunuzi wa jumla hainunui. Kile ambacho hakuna anayekichagua, kizazi baada ya kizazi, hupotea bila mtu yeyote kukusudia kukipoteza.

Sayansi imetuonyesha upotevu huo unavyotokea ndani ya petali. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha waridi lenye harufu kali, ‘Papa Meilland’, na lenye harufu ndogo, ‘Rouge Meilland’. Waligundua kwamba kimeng’enya kiitwacho NUDX1 kina kazi kubwa katika kutengeneza jeranioli, mojawapo ya viini vya harufu ambayo sote tunaijua kuwa ya waridi, na kwamba jeni ya kimeng’enya hicho, iliyokuwa ikifanya kazi kwa nguvu katika waridi la kwanza, ilikuwa karibu imelala katika la pili. Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba harufu haitokani na mbolea wala na ustadi wa mkulima. Ama mmea una uwezo huo katika urithi wake, ama hauna. Anayenunua mche usionukia akitumaini kwamba udongo mzuri utaunukisha anajisumbua bure. La pili ni kwamba ‘Papa Meilland’ lenyewe ni waridi la kisasa, la karne ya 20. Kwa hiyo usasa peke yake hauui harufu. Kinachoiua ni kutoiulizia, na katika mawaridi ya kale, hasa yale ya Dameski, iliuliziwa kwa karne nyingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mali yenyewe.

Tazama Oman. Katika Jabal Akhdar, kwenye uwanda ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wakulima hupanda waridi la Dameski kwenye matuta yanayonyweshwa kwa mifereji ya falaji. Mavuno huanza mwishoni mwa Machi na kwenda hadi Mei. Maua huchumwa kabla jua halijawa kali, kwa sababu mafuta yanayobeba harufu huruka kadiri siku inavyopata joto. Petali hupikwa ndani ya vyungu juu ya jiko la udongo, mvuke hupanda na kugonga chombo chenye maji baridi kilichowekwa juu, kisha hudondoka ukiwa marashi. Huko Kazanlak, Bulgaria, ambako waridi la ukoo huohuo hukamuliwa mafuta, huhitajika takriban tani tatu hadi nne za petali kupata kilo moja ya mafuta. Kwa hesabu hiyo mtu hawezi kuendelea kulima mwaridi usionukia. Utamfilisi katika msimu mmoja. Soko la marashi lilikuwa mlinzi wa harufu, na marashi hayo ndiyo yaliyovuka bahari na kufika Zanzibar, Lamu na Mombasa pamoja na tende na vyombo vya shaba. Wapwani walilijua waridi la kale kwa harufu yake ndani ya chupa hata pale ambapo mti wake haukuota kwao.

Ulinzi huo ulikwenda mbali kuliko tunavyoweza kudhani. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichunguza vinasaba vya aina nne za zamani za mawaridi ya Dameski wakakuta zote zina asili moja. Wazazi wake walikuwa watatu: waridi la Gallica, waridi la miski, na Rosa fedtschenkoana, waridi la porini la Asia ya Kati. Uzao huo ulitokea, kisha watu wakaushika. Kwa kuwa mbegu ya waridi haizai mti unaofanana na mama yake, njia ya kulihifadhi ilikuwa kama kukata tawi, kulichomeka ardhini, na mti ule ukizeeka kukata tena. Hakuna kampuni wala serikali iliyosimamia kazi hiyo kwa mamia ya miaka. Ilifanywa na mikono ya wakulima na wenye nyumba waliokubali kwamba harufu ile haifai kupotea. Mtu anayepanda waridi la Dameski leo anapanda mwendelezo wa mti uleule.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito: mawaridi haya huchanua mara moja kwa mwaka, kwa wiki chache, kisha ni majani na miiba mpaka mwaka ujao. Nani mwenye kiwanja kidogo atavumilia hilo? Jibu moja ni kwamba hatuulizi hivyo kwa mwembe. Tunausubiri msimu wake, na unapofika tunaufurahia zaidi kwa kuwa tuliusubiri. Lakini sitaki kuegemea jibu hilo peke yake, kwa sababu liko jingine lenye nguvu zaidi: pingamizi hili haligusi nusu ya pili ya mawaridi ya kale. Koo za China zilipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa ya 19, zilileta tabia ya kuchanua mfululizo. Watafiti walikuja kuonyesha mwaka 2012 kwamba tabia hiyo hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo KSN, ambayo kwa kawaida huzuia maua. Kipande cha vinasaba kimejipachika ndani yake, breki ikalegea, na mti ukawa unatoa ua karibu kila unapotoa tawi jipya. Aina kama ‘Old Blush’, ‘Cramoisi Supérieur’ ya mwaka 1832 na ‘Duchesse de Brabant’ ya mwaka 1857, ambayo ni ya ukoo wa Chai, huchanua kila joto na maji vinaporuhusu. Zote ni za kale kwa kipimo chochote.

Bahari yetu ya Hindi ina sehemu katika historia hiyo. Katika kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, wenye mashamba walipanda miwaridi kuwa wigo: wa China na wa Dameski unaochanua vipindi viwili, ubavu kwa ubavu. Kwa simulizi iliyokubaliwa na wengi, hapo ndipo ulipopatikana chotara wa koo hizo mbili, na mwaka 1817 mtaalamu wa mimea Bréon akautambua kuwa kitu kipya. Mbegu zilifika Ufaransa mwaka 1819 mikononi mwa Jacques, mtunza bustani wa Mtawala wa Orléans, na ukoo wa Bourbon ukaanza. Mwaka 1843 Jean Béluze wa Lyon alitoa kutoka ukoo huo ‘Souvenir de la Malmaison’, waridi pana la rangi ya waridi hafifu, petali zimegawanyika robo nne, harufu yake nzito. Naye John Champneys, mkulima wa mpunga huko Charleston, Marekani, alipata mwanzoni mwa karne ya 19 chotara wa waridi la miski na la China ambaye ndiye chimbuko la Noisette. Katika visa vyote viwili harufu ya Magharibi ilikutana na uchanuaji wa Mashariki, na vyote vilitokea katika nchi za joto, mbali na theluji.

Sasa turudi kwenye lile kosa la kudhani kwamba mawaridi ya kale ni kitu kimoja. Mtu huona picha ya Centifolia iliyochorwa na Pierre-Joseph Redouté, ambaye kitabu chake cha mawaridi kilitoka kati ya 1817 na 1824, akalipenda ua lile, akautafuta mche wake kwa gharama, akaupanda Tanga au Mombasa, na usichanue. Hakukosea kupalilia. Koo za Gallica, Dameski, Alba na Centifolia huhitaji kipindi cha baridi ili kujiandaa kwa maua. Jabal Akhdar iko katika nchi ya joto kali, lakini katika kimo kile usiku wa Desemba na Januari hukaribia kuganda, ndiyo maana mwaridi wa Dameski unastawi huko na haustawi Maskati, chini yake. Hata nyanda zetu za juu, Lushoto, Njombe, Limuru au Bukavu, zina usiku wa baridi lakini hazina majira marefu ya baridi kama yale ya Kazanlak, kwa hiyo koo hizo zikipandwa huko zitegemewe kwa tahadhari. Koo za China, Chai, Noisette na Bourbon ndizo zetu. Bermuda, kisiwa kisichojua umande wa kuganda, kimehifadhi mawaridi mengi ya China na Chai ambayo majina yake ya mwanzo yalisahaulika, na yanastawi. Kusini mwa Marekani vilevile. Anayeishi Arusha, Nairobi au Kigali ana hewa ambayo mkulima wa Uingereza anayejaribu kulinda mwaridi wa Chai dhidi ya theluji angeitamani.

Pingamizi la pili ni la maradhi. Watu husema mawaridi ni dhaifu, yanataka dawa kila wiki, na ya kale lazima yawe dhaifu zaidi. Ni kweli kwamba madoa meusi, ubwiri unga na vidukari havichagui ukoo kwa heshima ya umri, na madoa meusi huupenda mwambao wenye unyevunyevu. Kizuri hakikosi ila. Lakini upo ushahidi unaofaa kupimwa. Chuo Kikuu cha Texas A&M kiliendesha mpango uitwao Earth-Kind, ambamo miwaridi ilipandwa bila dawa ya kuvu wala ya wadudu na bila mbolea za dukani, ikiwa na matandazo tu juu ya udongo, kisha ikaangaliwa ipi itabaki na afya na maua. Miongoni mwa zilizofaulu zimo za kale kama ‘Mutabilis’, ambalo petali zake tano hubadilika kutoka manjano kwenda waridi na wekundu, na ‘Duchesse de Brabant’. Zimo pia za kisasa kama ‘Knock Out’, lililotoka mwaka 2000. Kwa haki, basi, siwezi kudai kwamba ya kale yote ni magumu na mapya yote ni magoigoi. Ninachoweza kudai ni kwamba hoja ya udhaifu imeanguka, kwa kuwa za kale zilisimama katika jaribio lilelile. Na mwenye kuchagua kati ya ‘Knock Out’ na ‘Duchesse de Brabant’ atakuta zote mbili zinavumilia, ila moja tu ndiyo itakayomnukisha mlango wake.

Uvumilivu huo ndio kipimo changu cha pili, yaani miaka. Katika mji wa Tombstone, Arizona, upo mwaridi wa Lady Banks uliopandwa mwaka 1885, ambao sasa umetambaa juu ya nguzo na kufunika mamia ya mita za mraba. Huko Hildesheim, Ujerumani, mwaridi wa porini uliokuwa umeegemea ukuta wa kanisa kuu uliteketea kwa mabomu ya Machi 1945, na mizizi yake ikachipua tena chini ya kifusi. Hiyo ni mifano mikubwa. Midogo ni mingi zaidi. Huko Texas, tangu miaka ya 1980, wapenzi wa mawaridi wamekuwa wakikata vijiti kwenye makaburi na viwanja vilivyohamwa, ambako miwaridi ya China na ya Chai iliendelea kuchanua bila mtu kuimwagilia. Sababu moja ya umri huo ni mizizi. Miwaridi mingi ya kisasa hubebeshwa juu ya mzizi wa aina nyingine. Mashamba ya Kenya, kwa mfano, hutumia sana mzizi wa ‘Natal Briar’. Ukiharibika sehemu iliyobebeshwa, kinachochipua chini ni mti mwingine. Mwaridi uliooteshwa kwa kijiti ukikatwa hadi ardhini hurudi ukiwa uleule. Nakubali kwamba kanuni hii ina mpaka: katika mchanga wenye minyoo ya mizizi, kama ule wa Florida, wakulima hubebesha juu ya Rosa fortuniana kwa sababu mizizi yake huistahimili minyoo, na mkazi wa mwambao wetu mwenye mchanga wa aina hiyo hana budi kufikiria njia hiyo.

Namna ya kuyatunza hutokana moja kwa moja na tabia ya koo hizi, na anayeijua tabia hahitaji kukariri kanuni nyingi. Chagua tawi lililomaliza kuchanua karibuni, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Ondoa majani ya chini, lichomeke katika mchanga uliochanganywa na mboji, uliweke kivulini na usiliache likauke. Miwaridi ya China na Chai hushika mizizi kwa wepesi, mara nyingi ndani ya miezi miwili. Uhamishie mche penye jua lisilopungua saa sita kwa siku, katika udongo usiotuamisha maji, pamoja na samadi iliyooza vizuri. Mwagilia asubuhi na mwagilia shina, kwa maana jani linalolala likiwa bichi kwa maji ni kitalu cha madoa meusi. Usipogoe kama walivyozoea wakulima wa mawaridi ya kukatwa: mwaridi wa Chai huweka akiba yake ndani ya matawi ya zamani, na ukiukata nusu kila mwaka unauibia nguvu. Ondoa vilivyokauka na vinavyosuguana, basi. Kwa Noisette na Bourbon zenye matawi marefu, liinamishe tawi na ulifunge lilale. Tawi lililosimama hupeleka homoni kutoka kwenye ncha ili kuyazuia macho ya chini. Likilazwa, kizuizi hupungua na kila jicho hupata nafasi ya kutoa ua.

Lipo pingamizi la tatu, la jicho. Maua ya kale huinamisha vichwa, petali zake huanguka siku mbili tatu baada ya kukatwa, na umbo lake limejaa kupita kiasi kwa mtu aliyezoea tumba lenye ncha. Yote ni kweli, na yote yanasema kitu kuhusu mahali pa kulitazamia ua. Ua linaloinama linamfaa anayepita chini yake, na ndiyo maana mwaridi wa Noisette juu ya mlango hufaa kuliko mezani. Petali zinazoanguka upesi zinafaa kukusanywa, kukaushwa, kutiwa kikubani au kuchemshwa. Ua la chombo limeandaliwa kudumu likiwa limeng’olewa kwenye mti. Ua la uwanjani hudumu kwa kuja jingine. Kulilaumu la pili kwa kukosa sifa ya la kwanza ni kusahau kwamba yana kazi mbili.

Kwa sababu hiyohiyo simwambii mtu yeyote ang’oe mashamba ya Naivasha au ya Arusha. Maelfu ya familia hula kwa maua hayo, na shamba linalouza nje lazima lizalishe kile kinachonunuliwa. Ila inafaa kujua kwamba aina zinazolimwa huko nyingi ni mali ya wazalishaji wake kisheria. Kenya ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, mwaka 1999, na shamba hulipa mrabaha kwa haki ya kuzizidisha. Mawaridi ya kale hayana mwenyewe. Jirani akikuomba kijiti cha ‘Old Blush’ unampa, naye atampa shemeji yake, na hakuna sheria iliyovunjwa. Hivi ndivyo asumini, mrehani na mchaichai vilivyoenea kutoka ua hadi ua, na waridi halina sababu ya kuwa tofauti. Wala haina uzito hoja kwamba ni ua la kigeni. Bara hili lina waridi lake la porini, Rosa abyssinica, linaloota Ethiopia na Somalia. Na watu ambao wamerashiwa marashi ya mawaridi tangu utoto wao hadi mazikoni mwao hawawezi kuambiwa kwamba ua hilo si lao.

Pingamizi la mwisho ndilo linalonishughulisha zaidi, kwa kuwa husemwa na watu wenye busara: kwamba kuyatetea mawaridi ya kale ni kuipenda jana kwa sababu tu ni jana. Ingekuwa hivyo, ningelikubali. Lakini mwaka 1961 Mwingereza David Austin alitoa ‘Constance Spry’, alilolipata kwa kuchavusha waridi la Gallica na la kisasa, na baada yake akatoa aina nyingi zilizounganisha umbo na harufu ya kale na uchanuaji wa sasa. Alitumia urithi wa zamani kutengeneza kitu kipya, na aliweza kwa sababu ‘Belle Isis’, Gallica aliyokuwa nayo, ilikuwa haijatoweka. Bustani ya Sangerhausen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1903, ina zaidi ya aina 8,000. Ni hazina ambayo wazalishaji wa kesho watachota humo harufu, ugumu na rangi ambazo leo hakuna aliyezifikiria. Aina ikifa, hairudi, kwa kuwa mbegu haiwezi kuirudisha. Bustani kubwa ziko chache na zote ziko mbali nasi, lakini kila ua lenye mwaridi mmoja wa kale ni tawi la hazina hiyo, na katika hewa yetu, koo za China na Chai zinaweza kutunzwa kwa gharama ndogo kuliko Ulaya.

Kwa hiyo yafaa tubadilishe maswali tunayouliza tunaponunua mche au tunapoombana vijiti. Tusianze na rangi. Tuulize kwanza ni wa ukoo gani, maana ukoo utatuambia kama utachanua mahali petu. Tuulize kama umesimama juu ya mizizi yake au umebebeshwa, na kwa sababu gani. Tuulize umekaa miaka mingapi pale ulipo, na bila dawa uko katika hali gani. Kisha, kabla ya kulipa, tuinamishe kichwa tulinuse ua lake asubuhi jua likiwa bado changa. Mwaridi utakaojibu maswali hayo vizuri na uchukuliwe hata kama ni wa mwaka huu. Utakaoshindwa na uachwe hata kama una miaka mia mbili. Tukishika kipimo hicho kwa uaminifu, tutakuta kwamba mingi inayofaulu ni ile ambayo wazee wa Asia, wa Uarabuni na wa visiwa vya bahari yetu walishaifaulisha kabla yetu.